Gari Linalolala Novi

Alonzo Pettiford hakuwahi kulala nje ya mtaa wa Tracewell, hapa Detroit, isipokuwa wakati wa vita. Hata harusi ya binti yake kule Toledo aliondoka kabla keki haijakatwa, akisema barabara itaganda. Barabara haikuganda. Alitaka kitanda chake tu. Watu walimpenda kwa hilo, wakalisifia kila walipopata nafasi, na sifa hizo ndizo zilizomwangamiza. Mimi hasira hazijaniisha, kwa hiyo msitegemee nitasimulia kwa upole.

Nyumba yake na yangu zinatazamana. Kabla ya kuwa majirani tulifanya kazi kiwanda kimoja, yeye kwenye mashine za kukandamiza milango ya magari, mimi kwenye ukaguzi, nikimrudishia milango yenye mikunjo naye akinijibu kwa maneno yasiyomfaa shemasi. Ushemasi ulikuja baadaye, mkewe Lorraine alipofariki, na ulimkaa vizuri. Nyumba za mtaani zilipoanza kuachwa, nyingine zikichomwa moto, yeye ndiye aliyekata majani kwenye viwanja vya watu waliohama bila kuaga. Theluji ikianguka, tuliamshwa na mlio wa mashine yake, na ukifungua mlango unakuta njia imeshasafishwa mpaka barabarani. Hakuchukua hata senti. Ukimpa pai ya viazi vitamu aliipokea, lakini lazima aitoe kasoro mbele yako.

"Dada Odessa, mwaka huu sukari umeibania," aliniambia safari moja.

"Lete sahani yangu."

"Nimesema umeibania. Sijasema sili."

Mtu huyu alikuwa na uongo mmoja tu maishani, nao ulikuwa gari lake. Lilikuwa mbele ya nyumba yake kila siku ya Mungu, chini ya taa ya barabarani, lakini kwenye karatasi za bima lilikuwa likilala Novi, kitongoji cha wenye nazo nje ya jiji, kwa shemeji yake Charlotte.

Asicheke mtu. Kwetu Michigan kuendesha gari bila bima ni kosa la kukupeleka mahakamani, na bei ya bima inafuata mahali gari linapolala. Likilala Novi, kwenye majani yaliyochanwa kama nywele za bibi harusi, unalipa kama binadamu. Likilala Detroit, kwa mwaka unalipa zaidi ya thamani ya gari lenyewe, hata kama tangu uzaliwe hujagonga paka. Na bila gari huendi popote. Kazi zote zimehamia vitongojini, na vitongoji vingine vilipiga kura kulikataa basi, lisije likawaletea sisi. Basi watu wakajifunza. Kila ukoo una mtu wake aliyehamia nje, na magari ya ukoo mzima yanalala kwake, kwa karatasi. Langu lilikuwa kwa mpwa wangu. Kwa Charlotte yalilala magari chungu nzima, naye ana banda la gari moja lililojaa mashine ya majani na mapambo ya Krismasi. Jambo hilo tuliliita kulipeleka gari likapumzike, na sijawahi kumsikia mchungaji yeyote akilikemea mimbarani, maana najua na la mchungaji lilikuwa likipumzika wapi.

Pettiford peke yake ndiye aliyekaidi. Kwa miaka na miaka alilipa bei ya Tracewell, akanuna, akalipa. Kilichombadilisha ni sheria.

Hapa kwetu ukigongwa, bima yako mwenyewe ndiyo inayokutibu, hata kama mwenye makosa ni mwenzako. Zamani kila bima ilikuwa na matibabu yasiyo na kikomo, mpaka kufa kwako. Halafu wakubwa wakabadilisha sheria, wakasema sasa kila mtu achague: matibabu kidogo kwa bei nafuu, au yale ya zamani kwa bei iliyozidi kupanda. Wakala wa bima akamwambia Shemasi achukue ya chini, umri wake tayari una bima ya wazee ya serikali. Yeye akakataa katakata. Alikuwa na ndugu, Hosea, aliyevunjika shingo ajalini zamani zile. Bima ilimjengea Hosea njia ya kiti cha magurudumu, ikamletea kitanda na wauguzi, na marehemu akaishi miaka ishirini nyumbani kwao, akiwafokea watoto wanaopita dirishani. Akafa akiwa msafi, kwenye shuka zake.

"Hicho ndicho ninachokitaka," Shemasi aliniambia jikoni kwangu. "Hiyo bima ya wazee itakutibu hospitali, sawa. Ukitoka je? Haimlipi mtu akae nyumbani akugeuze kitandani. Wanakutupa kwenye makao ya wazee."

"Sasa si uchukue ile kubwa."

"Nimeshaichukua." Akawa anakoroga kahawa isiyo na sukari. "Nimempigia Charlotte."

Nikaweka kikombe chini. "We! Shemasi!"

"Bei ya hapa ilikuwa inapita pensheni yangu, dada. Nimeandika naishi kule. Nimeandika na kutia sahihi."

"Karibu kundini. Mtaa mzima uko huko."

"Nyie mmedanganya mlipe kidogo. Mimi nimedanganya ninunue kikubwa."

"Basi wewe umedanganya kwa akili."

Hakucheka. Nilimwona Jumapili ile akipitisha sahani ya sadaka bila kumtazama mtu usoni.

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Yake ilimvusha majira mawili ya baridi. Ya tatu, mwezi wa Februari, alikuwa akienda kumchukua Verlene Ousley kliniki. Verlene ni katibu wa chama cha mtaa wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, figo zake zimekufa na damu yake inasafishwa kwa mashine. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha ni Shemasi, bure, na kumgombeza njiani kuhusu chumvi. Asubuhi hiyo, kwenye barabara kuu, gari la mizigo lisilo na namba liliteleza kwenye barafu likampiga nyuma, likambana kwenye ukuta wa zege, kisha likaondoka zake. Dereva wake hajapatikana mpaka leo.

Shingo. Kama Hosea. Mikono ilibaki na nguvu kidogo, kuanzia kifuani kwenda chini hakuna kitu.

Na bima ikafanya kazi yake, lazima niseme. Aliporudi nyumbani mwezi wa Aprili alikuta njia ya mbao imejengwa mpaka barazani, kitanda chenye godoro linalojaa na kupungua hewa lenyewe, na wauguzi wa zamu. Binti yake Renita aliacha kazi Toledo akaja kukaa naye. Ngozi isiyosikia maumivu huoza kwa uzito wa mwili wenyewe, kwa hiyo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, lazima mgonjwa ageuzwe. Wauguzi walimgeuza, Renita akamgeuza, na mgongo wake ulikuwa laini kama wa mtoto. Jioni walimtoa barazani. Alikuwa akiniona nikimwagilia maua, ananipigia kelele kwamba nayazamisha. Uhai wake wote ulikuwa umening'inia kwenye bima ile, naye alijua, na Renita alijua, na mimi nilijua.

Verlene ndiye hakujua.

Mpelelezi wa bima alikuja Jumamosi ya usafi wa mtaa, mwezi wa Juni, watu wote wako nje na reki na mifuko ya taka. Kijana wa kizungu, mpole, viatu safi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipambana na kichaka. Nilipotokea mbele, alikuwa tayari amesimama kwenye ngazi za Verlene, simu mkononi inarekodi, ameomba na ruhusa kabisa. Alijitambulisha kwamba ametoka kampuni ya bima na anataka kumfahamu Bwana Pettiford vizuri zaidi.

Sasa mwelewe Verlene. Kwa umri wake wote amejifunza jambo moja kuhusu ofisi za nchi hii: mtu mweusi akitaka kitu, lazima asimame mtu wa kumshuhudia kwamba ni mtu mwema. Mahakamani hivyo, benki hivyo, kwenye nyumba za serikali hivyo. Alidhani kampuni inajiuliza kama Alonzo Pettiford anastahili kutunzwa. Akafungua kifua.

"Huyo ndiye mtaa wenyewe, mwanangu! Tangu Lorraine yu hai hajalala nje ya nyumba ile."

"Hata mara moja moja, mama? Kwa ndugu, labda?"

"Ndugu yupi? Ana shemeji yake huko Novi, hata Krismasi hamtembelei. Anasema kule hakuna hata mtu wa kugombana naye."

Nikakohoa.

"Na gari lake alikuwa akiliegesha wapi?"

"Si pale! Chini ya taa. Asubuhi nikifungua pazia nikaliona lile gari, nilijua tumelindwa."

Nikakohoa tena, nikapanda ngazi, nikamkanyaga mguu.

"Odessa! Unanikanyaga! Msamehe, mwanangu, macho yake yamekwisha."

"Verlene, mwache kijana wa watu aende, jua kali."

"Hajasikia ya theluji! Mwambie na wewe. Nani aliyekuwa anakusafishia njia kabla hujaamka, miaka nenda rudi? Angesafishaje saa kumi na moja alfajiri kama halali hapa?"

Watu wakasogea na reki zao, wakaongeza. Mmoja akasema Shemasi alikesha kwake siku mwanawe alipopigwa risasi. Mwingine akasema wakati wa gharika aliwatolea maji kwenye vyumba vya chini, nyumba baada ya nyumba. Nikagundua jambo. Walioongea wote walikuwa watu wasio na magari. Wenye magari walikuwa kimya, wanatazama viatu vyao.

Kijana alimshukuru kila mmoja. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mama, unamfahamu Bwana Pettiford?"

"Simjui," nikasema. "Sijawahi kumwona."

"Odessa!" Verlene alipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. "Mungu anakusikia!"

Kijana akazima simu. Hakuwa na furaha usoni, hilo nitampa. Alikuwa kama mtu aliyeagizwa kuchinja kuku wa jirani.

Kampuni haikusimamisha malipo, ilifanya zaidi ya hapo. Ilifuta bima tangu siku ya kwanza, kana kwamba haikuuzwa kamwe, na ikamrudishia kila alicholipa kwa hundi moja safi. Huo ndio utaratibu: ukidanganya unapoishi, huna bima na hukuwahi kuwa nayo. Na mwenye gari lisilo na bima akiumia kwenye gari lake, sheria yetu haimpi kidogo. Haimpi kitu. Wiki haikuisha wauguzi wakaacha kuja, na wanaume wawili wakaja kuchukua kile kitanda. Walimhamishia baba wa watu kwenye kochi.

Kanisa likatafuta wakili. Alikuja mwanamama mmoja mwenye uso wa uchovu, akakaa kando ya kochi, Renita na mimi tukiwa tumesimama. Alisema mahakama kwa kawaida zinazipa kampuni haki kwenye kesi kama hizi, na akataka Shemasi asikie ushahidi walio nao. Akabonyeza. Sauti ya Verlene ikajaa chumba, halafu za wengine, moja moja. Hosea alitajwa. Lorraine alitajwa. Shemasi alisikiliza macho yameelekea darini.

"Rudia pale pa theluji," alisema.

"Bwana Pettiford," wakili alisema taratibu, "pale ndipo palipotuua zaidi."

"Najua, binti yangu. Rudia."

Akarudia. Machozi yalikuwa yakimteremka Shemasi kuelekea masikioni na mikono yake haina nguvu ya kuyafuta. Renita alimfuta kwa kiganja, kisha akatoka nje mbio. Nikajua anakwenda wapi, nikamfuata, sikumwahi.

Verlene alikuwa barazani kwake, anamenya maharage.

"Ni wewe!" Renita alimpigia kelele kutoka barabarani. "Wewe na mdomo wako! Umemuua baba yangu!"

Verlene akainuka, maharage yakamwagika. "Mimi? Nimesema nini mimi?"

"Umesema analala hapa!"

"Lakini si analala hapa?" Akanitazama mimi. "Odessa. Si analala hapa?"

Ilinibidi nimweleze mimi. Nilimweleza pale pale kwenye ngazi, habari ya magari na Novi na bei, mambo ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiyajua na hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu mtu asiye na gari ungemwambia ya nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kwa hiyo ningemsema vibaya, angepona?"

Niliinama nikaanza kumwokotea maharage. 

Tulijaribu. Tukapanga zamu za kumgeuza, sisi wanawake wa chama cha mtaa, kila mmoja na kiuno chake kibovu. Wanaume wachache waliobaki walikuja baada ya kazi. Verlene hakuja, na Renita hakumwita. Ilikwenda hivyo mpaka mwezi wa Agosti, siku Renita alipomwinua baba yake peke yake na mgongo wake ukakatika nguvu, wakaanguka wote wawili, nami nikawakuta sakafuni saa nzima baadaye. Shemasi alikuwa akimhadithia vituko vya kiwandani asilie.

Serikali huwalipia maskini. Kwenye makao italipa hata kesho. Nyumbani kwako kuna foleni, na foleni ile watu wanafia humo. Renita akatia sahihi ya makao.

Siku gari la wagonjwa lilipokuja, mtaa ulijipanga mbele ya nyumba. Pazia la Verlene lilikuwa limefungwa. Shemasi aliwaomba wale vijana wamsukume kwanza mpaka kwa Verlene, wakamsukuma. Kitanda chake cha magurudumu kilisimamishwa chini ya ngazi za Verlene. Pumzi yake ilikuwa fupi, alisema maneno machache, anapumzika, anasema tena.

"Verlene! Ulichosema ni kweli tupu. Mwongo ni mimi."

Akavuta pumzi, akaendelea.

"Ila la Krismasi umenisingizia. Nilikwenda kwa Charlotte mara moja. Kuku alikuwa mbichi."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mlango haukufunguliwa. Nyuma yake tulimsikia Verlene, sauti ile ile ya tarumbeta, sasa ni kilio kisicho na maneno. Shemasi alikaa akisikiliza, kisha akasema, "Basi, twendeni."

Makao yenyewe yalikuwa mbali kusini, karibu na viwanda vya chuma. Sitayataja. Wahudumu wawili kwa korido nzima, wasichana wanaokimbia mchana kutwa na kulipwa kuwazidi wakaanga viazi kwa kidogo tu. Sina ugomvi nao. Nilikuwa nikimpeleka Renita kwa gari langu, na kila tulipofika alimgeuza baba yake kwa mikono yake, mgongo wake mwenyewe ukiwa umefungwa mkanda. Lakini tulikuwa tukiondoka.

Mwezi wa Oktoba Shemasi aliniomba nimwangalie nyuma, maana anasikia harufu. Nilifunua shuka. Nimefanya kazi kiwandani, nimeona vidole vikikatika, sikuwahi kuona kitu kama kile. Juu ya makalio palikuwa na shimo la kuingia ngumi, na ndani yake nikaona mfupa.

"Pakoje?" aliuliza.

"Pamechubuka kidogo," nikasema.

"Odessa, wewe hujui kudanganya. Bora nikufundishe."

Sumu ya kidonda ikaingia kwenye damu. Alifariki mwezi wa Novemba, wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, hospitalini, akiwa na homa, akimwita Lorraine afunge mlango theluji inaingia.

Renita hakukubali yaishe hivyo. Baada ya maziko alikwenda makaoni, nikaenda naye, akadai kuonyeshwa kumbukumbu za baba yake. Msimamizi alitoka na jalada bila ubishi wowote, akatugeuzia mezani tusome wenyewe. Lilikuwa limejazwa vizuri, hakuna zamu iliyorukwa, kila mstari na sahihi yake. Amegeuzwa. Amegeuzwa. Amegeuzwa. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mpaka asubuhi ile ya kupelekwa hospitali.

"Kama mnavyoona," msimamizi alisema, "huduma ilitolewa."

Renita alimuuliza nani anayekuja kuhakikisha kama maneno hayo ni ya kweli. Yule mama alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, kisha akasema hakuna anayekuja.